Kutembea na marafiki kwenye tuta la reli ya zamani, mpaka Namasagali

Kwa matembezi ya polepole mashambani, hakuna njia inayoishinda reli iliyokufa, na sababu yake ni ya kiufundi. Treni haiwezi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo wajenzi walipokuta kilima walikikata, walipokuta bonde walilijaza udongo, na kila kona wakailaza taratibu. Mabehewa yalipoondoka ikabaki njia ambayo hata mwenye goti bovu au mama wa miaka sabini anaimudu. Tuta limeinuka juu ya mashamba na vinamasi, kwa hiyo mnaona mbali, upepo unawafikia, na wawili wanaweza kutembea sambamba wakizungumza. Barabara ya murram haikupi hayo: huko utazungumza na vumbi la malori ya miwa.

Mwongozo huu unahusu kipande cha mwisho cha reli ya Busoga, kile kinachotoka Mbulamuti kuelekea kaskazini hadi Namasagali, wilayani Kamuli, Uganda. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1912, wakati reli ya Mombasa ilikuwa bado inaishia Kisumu. Mizigo ilivuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, ikakwama hapo, kwa sababu Mto Nile ukitoka ziwani huanguka kwenye maporomoko na mikondo mikali ambayo meli haipiti. Reli ya Busoga iliikwepa sehemu hiyo yote na kufika Namasagali, ambako mto umetulia. Kutoka hapo meli ziliendelea kupitia Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, na zikirudi zilibeba pamba. Mwaka 1928 reli kuu kutoka Kenya iliungana nayo Mbulamuti, na mwaka 1931 daraja la Jinja likafikisha treni Kampala. Kisha zikaja mvua za 1961 na 1962: maziwa yalipanda, Namasagali ikafurika, na kazi ya bandari ikakoma. Majengo yake yakawa shule, na leo Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi hapo. Mwelezeni kila mwenzenu hadithi hii kabla ya kuondoka. Anayejua kwa nini tuta lipo huliangalia kwa jicho tofauti.

Kuchagua kipande

Mbulamuti hadi Namasagali ni zaidi ya kilomita 20. Kwa siku moja, na watu wasiozoea, hiyo ni adhabu. Tembeeni kilomita 8 za mwisho tu, mkiishia mtoni. Kumalizia mtoni kuna faida mbili: kuna samaki wa kula, na kila mtu anajua anakoelekea, hivyo hakuna anayeuliza kila baada ya nusu saa kama bado ni mbali.

Fungueni picha za setilaiti kwenye simu wiki moja kabla. Tafuteni Namasagali kwanza, halafu rudini nyuma kuelekea kusini. Reli ya zamani hujitambulisha kwa umbo lake: ni mstari usio na kona kali, unaopinda kwa upole kama upinde, na hata palipolimwa mipaka ya mashamba huufuata. Njia ya ng'ombe hupindapinda, na barabara ya kijiji huenda nyumba kwa nyumba. Reli hupita katikati ya yote bila kujali. Palipo na kinamasi, tuta huonekana kama uzi mkavu unaokata kijani cha mafunjo. Wenye subira wanaweza kupata ramani za zamani za 1:50,000 kutoka idara ya upimaji ya serikali mjini Entebbe, na pale reli imechorwa wazi kabisa.

Mkishaupata mstari, pimeni kilomita 8 kurudi nyuma, kisha tafuteni mahali karibu na hapo ambapo barabara ya gari inavuka tuta. Hapo ndipo mtashukia. Wekeni alama kwenye ramani, na alama nyingine mbili mahali barabara inapokaribia tuta katikati ya safari. Hizo mbili ni milango ya kutokea: mtu akichoka au mvua ikija, hapo ndipo bodaboda inaweza kumfuata. Pakueni ramani isomeke bila intaneti, maana mtandao karibu na mto hukatika.

Baada ya hapo, mtu mmoja aende akaangalie, au aulizwe mwenyeji anayepita pale kila wiki. Picha ya setilaiti inaweza kuwa ya miaka miwili iliyopita, na miaka miwili inatosha shamba la mihogo kugeuka shamba la miwa. Maswali ya kumuuliza ni matatu tu: tuta limekatika wapi, maji yakijaa mnapitia wapi, na shamba gani limefunga njia.

Tahadhari kuhusu reli nyingine. Ya Malaba hadi Kampala iko hai, treni za mizigo hupita, na kutembea juu yake ni hatari na ni kosa. Ya Tororo kwenda Gulu imekuwa ikikarabatiwa, kwa hiyo msiihesabu kuwa imekufa kwa sababu tu mliikuta na majani mwaka juzi. Ya Kampala hadi Kasese, iliyokamilika 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, haina treni tangu miaka ya 1990 na ina vipande vizuri sana, lakini upande wa Kasese inakaribia makazi ya tembo na nyati, na huko hakuna matembezi ya kirafiki bila askari wa wanyamapori. Popote mtakapokwenda, tazameni uso wa juu wa chuma. Ukimeremeta kama kisu, gurudumu limepita karibuni. Ukiwa na kutu, bado ulizeni.

Ruhusa, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Wengi huharibu siku yao hapa. Kwenye karatasi ardhi ya reli ni ya Shirika la Reli la Uganda. Kwenye udongo ni ya majembe: watu wamelima juu ya tuta na kando yake kwa miaka mingi, na wanajua kwamba siku moja anaweza kuja mtu na ramani akawaambia waondoke. Sasa tazama kundi la wageni wanane, wana simu mikononi, wanahesabu hatua na kupiga picha mstari wa reli. Mnaonekana nani? Wapima ardhi. Habari hufika kijiji cha mbele kabla yenu, na mtakaribishwa kwa nyuso zilizofungwa au mtafungiwa njia kabisa.

Kwa hiyo msivae vizibao vya kung'aa. Msibebe futi kamba, rangi ya kupulizia wala vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Vaeni kama watu waliokwenda matanga au kumtembelea shangazi. Siku mbili tatu kabla, mpigieni au mfuateni mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) wa kijiji mtakachoanzia, na wa kijiji cha katikati ikiwezekana. Mwambieni maneno mafupi: sisi ni marafiki, tuko wanane, tunatembea kwa miguu Jumamosi kutoka hapa hadi Namasagali kuona reli ya zamani, hatupimi kitu, hatununui ardhi, tutapita kati ya saa 2 na saa 6. Hesabu ya watu na saa ni muhimu, kwa sababu wakimwona mtu wa tisa watajua si wenu.

Mwombeni awape kijana wa kuwaongoza, na mlipeni ujira wa siku nzima hata kama mtamaliza saa sita mchana. Bei ipatane mbele ya mwenyekiti kabla ya kuanza. Kijana huyo ana thamani kuliko ramani yoyote: anajua mbwa wa nani anauma, kalavati gani (bomba la maji chini ya tuta) lina nyuki, na mzee gani alifanya kazi bandarini au babake alifanya. Kiswahili kitawafikisha mbali kwa wazee waliofanya kazi na reli au kuishi Jinja, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi huko, lakini shambani Lusoga ndio ufunguo. Jifunzeni hata maneno mawili: "Kodheyo" mnapokutana na mtu, na "Mwebale emirimu" kwa anayelima. Simameni msalimie kikamilifu. Kumsalimia mtu mkubwa huku unatembea ni kama hukumsalimia.

Tuta likiwa limelimwa, piteni ukingoni kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele. Mchicha na njugu changa hazionekani kwa aliyezoea lami. Ng'ombe aliyefungwa kamba tuta zima: zungukeni upande ambao kamba haifiki, msiiruke. Na msiokote chuma chochote. Msumari wa reli au kipande cha taruma (mhimili unaolazwa chini ya vyuma vya reli) ni kumbukumbu nzuri, lakini mali ya reli imeibwa sana kuuzwa kama vyuma chakavu, na polisi akikikuta kwenye begi lako hutapata maneno ya kujieleza.

Watu, saa na mwendo

Kundi zuri ni watu 6 hadi 8. Wakizidi 10 mstari unakatika vipande viwili, na cha nyuma hakimsikii kiongozi. Mbele awe yule kijana, wa pili awe mwenye mwendo mdogo kuliko wote, na wa mwisho awe mtu mwenye nguvu, asiye na haraka, aliyebeba sanduku la dawa. Kumweka anayechoka nyuma ni kosa la kawaida sana: atakuwa anawafikia wenzake wakati wao wanamaliza kupumzika, wanainuka, naye hapumziki kamwe. Akikaa wa pili, yeye ndiye saa ya kundi.

Hesabuni kilomita 3 kwa saa pamoja na salamu. Kilomita 8 ni karibu saa tatu za mwendo na saa moja ya kukaa. Anzeni saa 2 kamili asubuhi, mtafika saa 6. Kutoka Jinja hadi Kamuli ni lami, kisha murram hadi mahali pa kuanzia, kwa hiyo ondokeni Jinja saa 11 na nusu alfajiri. Wanaotoka Kampala walale Jinja au Kamuli, kwani kuamka saa 8 usiku kwenda matembezini ni kuanza siku mkiwa mmechoka.

Kodini taksi moja kwa siku nzima. Dereva awashushe, kisha azunguke akawasubiri Namasagali. Mwachieni dereva namba za simu za watu wawili, na mwambieni saa: "Tusipofika saa 7 na nusu, piga. Tusiposhika simu, mpigie mwenyekiti." Namba ya mwenyekiti aiandike kwenye karatasi, maana betri ya simu huisha.

Msimu mzuri ni Desemba hadi Februari, au Juni hadi mwanzo wa Agosti. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, tuta huteleza na vinamasi hupanda. Hata kiangazi, mvua ya Busoga hupenda kuja mchana baada ya joto kukusanyika, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumaliza saa 6.

Mavazi na mzigo

Suruali ndefu ya kitambaa kigumu na shati la mikono mirefu. Sababu si adabu tu: jani la muwa lina meno kama msumeno na litachora mikono yenu mistari. Sababu ya pili ni upupu. Mmea huu hutambaa kwenye vichaka vya kando ya tuta, na kiangazi maganda yake ya kahawia yenye manyoya hukauka, upepo ukayapeperusha manyoya. Ukishikwa na upupu usijikune na usifute kwa kitambaa, kwani unayasukuma manyoya ndani zaidi. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uubandue, rudia mara kadhaa kwa kipande kipya, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Kila kundi libebe utepe huo kwenye sanduku la dawa. Ni kitu cha bei ndogo kinachookoa siku.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ngumu, na viwe vimeshavaliwa. Kandambili ni marufuku. Mahali penye kokoto za reli, kifundo cha mguu huyumba kila hatua, na soli nyembamba huchomwa. Soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi mnapopita majani marefu au mkikuta mstari wa siafu. Siafu hutoka baada ya mvua, nao hawaumi mara moja: hupanda kimya hadi magotini, kisha huuma wote pamoja. Mkiwaona, kimbieni hatua kumi mbele kwanza, mjikung'ute baadaye.

Maji: lita 2 kwa kila mtu, na lita 5 za ziada zibebwe na wenye nguvu kwa zamu. Nusu lita kwa saa inatosha kwa kutembea, na inayobaki ni kwa ajili ya kucheleweshwa. Chumvi irudishwe pia: karanga za kukaanga zenye chumvi, mihogo ya kuchemsha, chapati. Roleksi ya mayai mawili, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ni chakula kizuri cha saa 4 asubuhi, ikinunuliwa moto kwenye senta na kufungwa kwa karatasi, si kwa plastiki, kwani ndani ya plastiki hulowa na kuharibika. Ndizi mbivu ziwe juu kabisa ya begi.

Katika sanduku la dawa wekeni bandeji 2 za kuvutika, pamba na kitambaa safi, plasta, dawa ya maumivu, chumvi ya maji ya kuharisha pakiti 4, utepe, kibano, glavu, na dawa binafsi za mtu mwenye pumu au anayedhurika na nyuki. Huyo wa nyuki ajitaje kabla ya safari, si baada.

Kila mmoja akate fimbo yenye urefu wa kifuani. Mtaona sababu hivi punde.

Juu ya tuta

Palipobaki mataruma, msijaribu kutembea taruma kwa taruma. Nafasi kati yake ni sentimita 60 hadi 75, fupi kwa hatua ya mtu mzima na ndefu kwa nusu hatua, kwa hiyo baada ya kilomita moja nyonga zinauma. Taruma la chuma likiwa na umande huteleza kama samaki. Tembeeni kwenye kijia cha pembeni ambacho wenyeji wamekwisha kukichonga. Kikipotea, kitafuteni upande wa pili wa tuta kabla ya kuanza kufyeka.

Hatari kubwa ya tuta haionekani kwa macho. Chini yake kuna makalavati, yale mabomba na vitundu vya kupitisha maji ya mvua kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Reli ikiwa hai, mafundi huyazibua. Ikifa, kalavati huziba kwa takataka na matope, maji hukusanyika upande mmoja kama bwawa, yakatafuta mwanya, yakala udongo kutoka ndani. Juu nyasi zinaendelea kuota vizuri tu, lakini chini ni pango. Dalili ziko tatu: bonde dogo linalokata tuta, maji au matope upande mmoja tu, na nyasi mbichi kuliko zile za jirani. Mkiona mojawapo, kiongozi asimame, agonge kwa fimbo hatua moja mbele. Udongo mzima hujibu kwa kishindo kizito, na ulio mtupu huitika kama ngoma. Ukiitika hivyo, shukeni kando ya tuta, mzunguke, mpande mbele.

Msichungulie ndani ya kalavati. Nyuki hupenda giza lile, na kenge na nyoka huenda kutafuta ubaridi. Nyuki wakivurugwa, kimbieni mstari mmoja bila kupiga mikono hewani, funikeni uso kwa shati, na msisimame kabla ya mita 200 au zaidi. Kujirusha majini hakusaidii: wanawasubiri juu. Miiba yote ikwanguliwe upesi kwa ukucha.

Kuhusu nyoka, bafe ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hakimbii. Hulala kwenye jua la asubuhi katikati ya njia, akifanana na majani makavu. Fimbo ya kiongozi igonge ardhi, miguu ifuate macho, na mtu asikae juu ya gogo au rundo la mataruma kabla ya kulipiga. Aliyeumwa alazwe, mguu usitikisike, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana, msiweke jiwe la nyoka. Mbebeni hadi mlango wa kutokea mlioutia alama, na gari limpeleke hospitali Kamuli mjini.

Daraja lolote lililobaki na vyuma bila sakafu msilivuke, hata kama kijana wenu analivuka kila siku na baiskeli begani. Yeye amelizoea tangu utotoni. Shukeni mtafute kivuko cha chini.

Na hapo kwenye kivuko kuna jambo la kichocho. Maji yaliyotulia yenye majani kando ya Nile na Kyoga yana konokono wanaobeba vimelea hivyo, navyo huingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu, hasa jua likiwa kali. Vukeni kwa gambuti, au lipieni bodaboda iwavushe mmoja mmoja barabarani. Maji yakipita goti, au yakivuta fimbo yako, siku hiyo hamvuki: rudini kwenye mlango wa kutokea.

Mkikuta shamba la miwa limefunga tuta, msiingie ndani. Muwa ni mrefu kuliko mtu, baada ya hatua ishirini hujui ulikotoka, na shamba likiandaliwa kuvunwa linaweza kuchomwa moto. Fuateni njia ya trekta inayolizunguka, mkihesabu kona, mpaka mlione tuta tena. Na asiwepo anayevuta sigara karibu na miwa iliyokauka.

Radi ndiyo inayofuta safari. Juu ya tuta ninyi ndio kitu kirefu kuliko vyote, na kama chuma bado kipo mnasimama kando ya waya wa kilomita kadhaa. Mkiona mmweko, hesabuni hadi mlio. Usipofika sekunde 30, shukeni tutani mara moja, achaneni na miti iliyosimama peke yake, mwingie nyumba yenye kuta au gari. Hakuna nyumba? Tawanyikeni, chuchumaeni bondeni, miguu pamoja.

Mapumziko yawe kila baada ya kilomita mbili, dakika kumi, kivulini. Mapumziko ya tatu ndiyo marefu, dakika thelathini, na hapo kuleni. Tafuteni pahali pa stesheni au kambi ya zamani. Utapajua kwa miti mikubwa iliyopandwa kwa safu, ambayo haikuota yenyewe, na kwa uwanja uliopanuka ghafla pande mbili za njia. Mkiwa na mzee wa hapo, mpeni kiti na chakula kwanza, maswali baadaye.

Namasagali

Tuta linaposhuka na upepo kubadilika harufu, mmefika. Majengo ya zamani yamo ndani ya maeneo ya shule na chuo, kwa hiyo ripotini getini, semeni mnatoka wapi, ombeni kuonyeshwa. Msipige picha za wanafunzi. Chuma na saruji za ukingoni msizipande, kwa sababu maji yamezila kutoka chini. Kaeni mita kumi au zaidi kutoka kwenye maji yenye majani, kwani Nile hii ina mamba na viboko, na kiboko njiani kurudi mtoni hapishi mtu. Kumbukeni pia kwamba upande wa juu wa mto kuna bwawa la umeme la Isimba, lililozinduliwa 2019. Maji yanayoachiwa hubadilika, na mchanga mliouacha mkavu saa 6 unaweza kuwa umefunikwa saa 8.

Chakula kiagizwe jana yake kwa simu kupitia dereva au yule kijana: ngege mmoja wa wastani kwa kila watu wawili, akaangwe, pamoja na viazi vitamu au kalo (ugali wa ulezi). Mkiagiza mkifika, mtasubiri samaki avuliwe. Kunaweni mikono kwa maji ya jerikeni lenu, si ya mtoni.

Ondokeni saa 9 alasiri. Murram ikinyeshewa hugeuka sabuni, na taksi iliyokwama kabla ya lami hukwama hadi giza. Mlipeni kijana na nauli yake ya bodaboda ya kurudi kwao, kisha dereva apigie wenyeviti wote wawili kusema watu wanane wamefika salama, ili hata wageni wajao wapokelewe. Aliyeloa maji ya kinamasi aandike tarehe hiyo, na baada ya wiki sita hadi nane aende kituo cha afya kupimwa kichocho. Dawa yake, praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo asimeze vidonge vya kuazima.